Tufungue Kabati la Vitabu



Katika shule moja tuliyosoma zamani palikuwa na kabati kubwa la mbao ngumu, limejaa vitabu. Sisi wanafunzi twalilijua vema, maana kila Jumamosi tulilipangusa vumbi. Lakini ndani yake hatukupata kuona. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa msimamizi, aliyeogopa tusije tukachafua kurasa. Miaka ikapita. Siku moja ufunguo ukapotea, ikawa lazima kuvunja kufuli. Tukasogea wote kwa hamu. Vitabu vilikuwa vimesimama safu safu, migongo mizima. Lakini tulipovishika vikatumumunyukia mikononi kama majivu. Mchwa walikuwa wamevisoma vyote kabla yetu.

Msimamizi yule hakuwa mtu mbaya. Alivipenda vitabu, ila alidhani kitabu huharibika kwa kutumika. Siku ile twaliona kwa macho yetu kwamba kitabu kisichotumika ndicho kinachotangulia kuharibika.

Twaikumbuka habari hiyo kwa sababu ya likizo kubwa, ambayo kwa kalenda ya shule za nchi yetu huanza Julai na kwisha mwanzo wa Septemba. Miezi miwili mtoto hakai mbele ya ubao. Aliyeanza kusoma kwa shida mwezi wa Juni, mwezi wa Septemba amekwisha kusahau nusu. Je, katika miji yetu midogo ya Masisi na Walikale, haiwezekani kuwa na maktaba ndogo yenye kazi ya kila siku kwa watoto, mama na wazee? Twasema yawezekana. Tutaeleza namna gani.

Sanduku hutangulia, nyumba hufuata

Wengi wakisikia neno maktaba, au biblioteki kama wengine wetu wasemavyo, hufikiri jumba kubwa la mjini lenye madirisha ya vioo. Hukata tamaa, husema: “Hayo si yetu.” Basi tuwatazame jirani zetu walivyoanza.

Mwaka 1948, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliundwa ofisi ya vitabu iliyoitwa East African Literature Bureau. Pamoja na kuchapa vitabu, ofisi hiyo ilipeleka masanduku ya vitabu sehemu za mbali, na kuwaazima watu vitabu kwa njia ya posta. Baada ya uhuru Tanganyika ilitunga sheria ya maktaba mwaka 1963. Na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere akaifungua Maktaba Kuu mjini Dar es Salaam. Angalieni utaratibu huo: sanduku lilitangulia, jumba likafuata.

Mwaka 1996 wakuu wa maktaba za Kenya walitaka kuwafikia wafugaji wa Garissa, ambao huhamahama katika nchi kavu isiyopitika kwa motokaa. Walifanyaje? Waliwatwika ngamia masanduku ya vitabu, na hema la kusomea. Watu wakaazima vitabu, na msafara ulipopita tena wakavirudisha.

Huko Uganda, kijijini Kitengesa karibu na Masaka, maktaba ya kijiji ilianza mwaka 1999 kwa sanduku moja tu la vitabu katika shule ya sekondari. Nyumba yake ilijengwa mwaka 2002. Tena waliweka desturi moja ya kupendeza: wanafunzi wachache hufanya kazi katika maktaba, nao husaidiwa karo ya shule. Hivyo kijana mwenye shida hulipiwa masomo kwa jasho lake mwenyewe, na maktaba hupata mtumishi anayependa vitabu.

Kwetu hakuna ngamia. Lakini tunayo chukudu. Chombo hicho cha mbao, kinachoshuka milima ya Masisi kikilemewa na magunia ya viazi, makaa na kabichi, hakiwezi kushindwa na sanduku la vitabu. Na huko Walikale, ndani ya msitu mkubwa, njia huharibika kwa mvua karibu mwaka mzima. Hata hivyo watu waliweza kubeba kasiterite mgongoni kutoka mlima wa Bisie, mwendo mrefu wa miguu, mpaka barabarani, na huko Kilambo ndege zilikuja kutua juu ya lami ili kuichukua. Ikiwa mgongo wa mtu uliweza kutoa mawe msituni, je, hauwezi kuingiza vitabu?

Kitabu kilichotoka Walikale

Labda mtu atasema kwamba vitabu ni mambo ya kigeni. Huyo hajasikia habari ya Mwindo.

Mwaka 1956 mtaalamu Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alikuwa akichunguza desturi za Wanyanga katika nchi ya Walikale. Akakutana na mzee mmoja, Rureke, fundi wa kusimulia karisi, yaani zile hadithi ndefu za mashujaa. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, wenzake wakimpigia ala na kumwitikia, kwa muda wa siku kumi na mbili. Maneno yake yakaandikwa. Mnyanga msomi, Kahombo Mateene, alishirikiana na Biebuyck katika kazi ya kuyatengeneza na kuyafasiri, na mwaka 1969 kitabu kikachapwa huko California, Marekani. Ndani yake mna Kinyanga chenyewe alichosema Rureke, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo huisoma hadithi ya Mwindo kama wasomavyo hadithi za mashujaa wa Wagiriki wa kale.

Kwa kifupi hadithi ni hii. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliwaagiza wake zake saba wamzalie mabinti tu, kwa maana alitamani mahari. Mke mpendelewa akamzaa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema. Baba akamrushia mkuki, asimpate, akamzika, akafufuka, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, naye akaenda zake majini kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye Mwindo akarudi na nguvu nyingi. Baba akakimbia hata kuzimu, mtoto akamfuata. Msikilizaji anangoja kisasi. Lakini Mwindo, mwenye uwezo wa kumwua babaye, hamwui. Amrudisha nyumbani, baba aungama kosa lake mbele ya watu, wagawana utawala.

Wala hadithi haiishii hapo. Mwindo alijisifu mno. Akaua zimwi Kirimu, ambaye kumbe alikuwa amechanjiana na Nkuba, mwenye umeme. Nkuba akampandisha Mwindo mbinguni, akamwadhibu mwaka mzima kwa baridi, mvua na jua. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, mpole, naye akawafundisha watu wake kukaa pamoja bila ugomvi.

Tunauliza: ni watoto wangapi wa Walikale walioishika hadithi hiyo mikononi mwao? Imevuka bahari, ikapewa mahali pa heshima katika maktaba za wageni, na mjukuu wa wasikilizaji wa Rureke huenda hajawahi kuona jalada lake. Hatuwalaumu walioiandika. Bila kazi yao, sauti ya Rureke ingalizikwa naye. Tunalotaka ni kwamba kilichotoka kirudi nyumbani.

Ratiba ya miezi miwili

Basi, maktaba ndogo yaweza kufanya kazi gani wakati wa likizo? Sisi twapendekeza ratiba hii. Chumba kimoja cha shule au cha parokia chatosha, na vitabu mia moja vyatosha kuanzia.

Jumatatu na Jumatano alasiri: kuazima na kurudisha. Kila mwazimaji aandikwe katika daftari: jina lake, jina la kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Majuma mawili yatosha.

Jumanne: kisomo cha akina mama. Mama mmoja mkulima alituuliza siku moja: “Mwalimu, mimi nalima maharagwe. Kitabu kitanijazia chungu?” Tukamjibu: “Mama, unapouza maharagwe yako, nani anasoma mizani?” Akacheka, akasema: “Mnunuzi.” Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: “Basi, niandikeni jina.” Katika kisomo cha namna hii wasianze na mambo makubwa. Waanze na tarakimu za mizani, karatasi ya dawa kutoka zahanati, na barua ya mtoto aliye mbali.

Alhamisi: wanafunzi wa mitihani. Wale wa darasa la sita ya msingi na wale wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wanaojiandaa kwa Mtihani wa Serikali, wakutane wasome kimya. Nyumbani nafasi ni ndogo, wadogo wanalia, taa ni moja tu kwa jamaa nzima. Meza tulivu yenye taa ya nguvu za jua ni msaada mkubwa kuliko maonyo kumi.

Ijumaa jioni: jioni ya wazee. Mzee mmoja asimulie, vijana wawili waandike. Wiki hii hadithi ya Kihunde, wiki ijayo ya Kinyanga, kisha ya Kitembo, ya Kinyarwanda, ya Kikumu. Mwisho wa likizo daftari hilo litakuwa kitabu kipya cha maktaba, ambacho hakipatikani dukani popote.

Jumamosi asubuhi: saa ya hadithi kwa watoto. Msomaji asome kwa sauti, awaonyeshe picha, kisha watoto wenyewe waisimulie tena. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya mwaka 2006. Vitabu vyake vizuri ni vingi. Kwa wakubwa kidogo, tafuteni *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, na *Adili na Nduguze*, kilichofuata mwaka 1952. Watoto watakuta humo maneno yasiyosemwa Kivu. Si hasara. Ndiyo faida yenyewe. Wekeni kamusi karibu.

Jumapili, baada ya Misa: sanduku liondoke. Vitabu ishirini vikabidhiwe kwa shirika moja la mbali, virudi baada ya mwezi, viende vingine.

Kuhusu ulinzi, maneno machache tu. Rafu zisiguse ukuta. Miguu yake iwekwe ndani ya makopo yenye mafuta machafu, mchwa wasipande. Vitabu vipigwe upepo kivulini, si juani. Lakini dawa iliyo bora ni mikono ya wasomaji.

Na vita vikija?

Tunalisikia swali hilo kabla halijaulizwa. Nani ataweka vitabu mahali ambapo watu wenyewe hawakai? Mwaka 1993 mapigano yaliyoanza upande wa Walikale yalienea mpaka Masisi, na tangu hapo jamaa nyingi zimekimbia si mara moja wala mbili. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Masisi mjini. Mwezi wa Machi vikafika Walikale. Madarasa yamegeuka malazi, na madawati yamegeuka kuni.

Hatutaki kusema maneno mepesi mbele ya mambo mazito. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, chungu na godoro kwanza, na ni haki. Lakini mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka katika kambi za wakimbizi Wakongo nchini Burundi maktaba nzima iliyofungwa ndani ya masanduku, ikafunguliwa humo kambini. Maana yake ni kwamba maktaba yaweza kukimbia pamoja na watu wake, na kufunguliwa tena wanapopumzika. Ndiyo sababu tunasisitiza sanduku kuliko jumba.

Tena kuna jambo la pili, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Katika nchi hizi mbili watu wa makabila mengi wamefundishwa kuogopana. Mahali pa kukutana pasipo biashara wala mashindano ni pachache. Mtoto Mhunde, mtoto Mnyanga, mtoto Mhutu na mtoto Mtutsi wakiinamia ukurasa mmoja wenye picha, hawaulizani ukoo, wanaulizana, “Kisha ikawaje?” Sisi walimu tumeliona hilo mara nyingi. Hatusemi kwamba litamaliza vita. Twasema tu kwamba mtu aliyewahi kukungoja umalize ukurasa, hutakuwa mwepesi wa kumwita adui.

Basi, ndugu wasomaji, mwenye kitabu kimoja nyumbani asichokisoma, akitoe. Mwenye mbao, atengeneze rafu. Mwalimu aliye likizoni, atoe alasiri moja kwa juma. Mzee mwenye hadithi, asingoje mgeni kutoka ng'ambo ndipo asimulie. Na yule mwenye ufunguo wa kabati, popote alipo, twamwomba kwa heshima: afungue leo, kabla mchwa hawajamaliza kusoma.