Maelezo Binafsi: Tusiombe Huruma



Vijana wetu wa Mpanda wanaoomba ufadhili wa shahada ya uzamili hutuletea maelezo yao binafsi tuyasome. Wengi hulilia umaskini; wengine hujisifu kupita kiasi. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na mhitimu arudi kwao kwa miaka miwili. Basi anatafutwa mtu wa kazi, si wa kuhurumiwa.

Badala ya “Katavi ni maskini, nisaidieni”, muuguzi aandike: “Zahanati yetu huishiwa dawa kabla ya mwezi kwisha. Nilianzisha daftari la matumizi. Nataka kusomea ugavi wa dawa, nirudi.” Shida itajwe kwa sentensi moja, kazi ifuate.

Wanakamati, mkiletewa maelezo hayo ulizeni: angeyasoma mbele ya majirani zake bila aibu?