Tukio na Mwitikio Wake: Ripoti ya Mlipuko wa Kicheko wa Mwaka 1962 katika Bukoba na Muleba na Somo Lake kwa Utoaji wa Taarifa katika Huduma za Afya ya Akili

1. Utangulizi

Utoaji wa taarifa za matukio yenye madhara makubwa katika huduma za afya ya akili una ugumu ambao hauonekani katika taarifa za magonjwa mengine. Mgonjwa wa kipindupindu huhara awe ameshikwa mkono kwa upole au amefungwa kamba. Bakteria anayemdhuru hajali namna anavyotendewa. Katika afya ya akili hali si hiyo. Dalili kuu ni mwenendo wa mtu, na mwenendo huo hubadilika kulingana na wanayoyatenda walio karibu naye. Mtu mwenye hofu anaposhikwa kwa nguvu huweza kupigana; anapotengwa huweza kunyamaza kabisa; anaporudishwa nyumbani huweza kutulia, au huweza kuwatia hofu walio nyumbani. Kwa hiyo, mwandishi wa taarifa anayeeleza aliyoyafanya mgonjwa bila kueleza aliyofanyiwa huwa ameandika nusu tu ya tukio.

Makala haya yanafafanua hoja hiyo kwa kutumia ripoti mashuhuri iliyotoka katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera. Ripoti hiyo iliandikwa na madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, na ikachapishwa mwaka 1963 katika jarida la Central African Journal of Medicine. Inahusu mlipuko wa kicheko ulioanza katika shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na misheni katika kijiji cha Kashasha, ambacho sasa kimo katika Wilaya ya Muleba. Ingawa tukio hili halikutokea ndani ya wodi, lina sifa zote za tukio kubwa la afya ya akili: wagonjwa wengi, hofu ya jamii, matumizi ya nguvu, kulazwa hospitalini na uamuzi wa viongozi uliogusa maisha ya mamia ya watoto. Hoja ya makala ni kwamba ripoti ya 1963 ilikuwa makini mno katika kuhesabu wagonjwa na kufuatilia njia ya ugonjwa, lakini haikuupa mwitikio wa watu wazima uzito uleule. Pengo hilo ndilo linaloifanya iwe somo muhimu kwa watoa taarifa wa leo.

2. Mfuatano wa matukio

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku 52 baadaye, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa Kashasha walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwishaugua. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wanafunzi 57 wakaugua, na mwishoni mwa Juni ikafungwa kwa mara ya pili.

Wakati huohuo, hali hiyo ilikuwa imeshatoka nje ya ua wa shule. Katika Nshamba, ambako ndiko yalikokuwa makazi ya baadhi ya wasichana waliorudishwa, watu 217 waliugua katika miezi ya Aprili na Mei, miongoni mwa wakazi wanaokadiriwa kufikia 10,000. Wengi wao walikuwa watoto wa shule na vijana, wa kike na wa kiume. Mwezi Juni mlipuko ulifika katika shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, pembezoni mwa mji wa Bukoba, ambapo wanafunzi 48 kati ya 154 waliugua, nayo shule ikafungwa. Msichana mmoja aliyetoka huko alirudi nyumbani katika kijiji ambacho ripoti inakiita Kanyangereka. Waliofuata kuugua walikuwa watu wa familia yake, kisha wengine, na hatimaye shule mbili za wavulana zikafungwa.

Hakuna aliyefariki. Hata hivyo, Rankin na Philip walipokuwa wakiandika, hali ilikuwa bado inaenea katika vijiji vingine, masomo ya watoto yalikuwa yamevurugika na jamii ilikuwa katika hofu kubwa. Baadhi ya watu waliamini kwamba hewa ilikuwa imetiwa sumu na milipuko ya mabomu ya atomiki. Kwa Kihaya hali hiyo iliitwa Enwara Yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka.

3. Ubora wa ripoti ya mwaka 1963

Ripoti hii ina mambo manne ambayo mtoa taarifa yeyote anaweza kujifunza. Kwanza, kila idadi ya wagonjwa inaambatana na idadi ya watu waliokuwapo. Bila kipimo hicho, msomaji angedhani kwamba Nshamba, yenye wagonjwa 217, iliathirika zaidi kuliko Kashasha yenye 95. Kwa hesabu ya uwiano, Kashasha waliugua takribani wanafunzi 60 katika kila 100, Ramashenye takribani 31, na Nshamba takribani watu wawili tu. Tofauti hiyo inaonesha kwamba bweni lilikuwa mahali penye athari kubwa zaidi kuliko kijiji, na hivyo inamwelekeza mchunguzi ayatazame maisha ya bwenini.

Pili, dalili zimeelezwa kwa maneno ya uangalizi, si ya hukumu. Kicheko na kilio vilikuja kwa vipindi vya dakika chache hadi saa kadhaa, vikifuatiwa na utulivu, kisha vikarudi. Mgonjwa hakuugua kwa zaidi ya siku 16. Baadhi walisema walihisi vitu vinatembea kichwani, au kwamba kuna mtu anayewakimbiza. Mboni za macho mara nyingi zilikuwa zimepanuka, lakini hapakuwa na degedege wala kupoteza fahamu.

Tatu, madaktari hawakukimbilia jibu la akili kabla ya kuchunguza mwili. Damu na maji ya uti wa mgongo vilipimwa, uwezekano wa maambukizi na wa sumu katika chakula ukazingatiwa, na hakuna kilichopatikana cha kueleza hali hiyo. Baada ya hapo ndipo walipohitimisha kwamba ilikuwa histeria ya umma katika jamii iliyokuwa katika hali ya kuathirika kirahisi, na kwamba huenda utamaduni ulichangia sura yake. Utaratibu huo una thamani hadi leo, kwani katika shule nyingi ambamo wasichana huanguka au kupiga mayowe, maelezo ya mapepo hutangulia uchunguzi wa aina yoyote.

Nne, ripoti inaeleza nani aliugua na nani hakuugua. Walimu watano wa Kashasha, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hawakupatwa na hali hiyo. Taarifa inayoonesha waliosalimika humsaidia msomaji kuuliza swali lenye manufaa: ni kitu gani kilichowatenganisha walimu na wanafunzi waliokuwa katika ua mmoja?

4. Mambo ambayo hayakuhesabiwa

Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango wa upungufu. Ripoti inaeleza kwamba wagonjwa walikuwa na wahaka na kwamba nyakati nyingine walifanya fujo pale ilipojaribiwa kuwazuia. Katika sentensi ya namna hiyo kuna matendo mawili: la mgonjwa na la aliyemzuia. Fujo imeorodheshwa kama dalili; kuzuiwa kumetajwa kama mazingira tu. Msomaji haelezwi ni nani aliyeshika, kwa njia gani, kwa muda gani, na iwapo fujo ilianza kabla ya kushikwa au baada yake. Katika huduma za afya ya akili za leo, kumzuia mgonjwa kwa nguvu ni tendo linalostahili kumbukumbu yake lenyewe, kwa sababu linaweza kumuumiza mgonjwa, kumuumiza mhudumu, na kuibadilisha dalili inayotibiwa.

Tendo la pili ni kufungwa kwa shule. Uamuzi huo ulieleweka: zaidi ya nusu ya wanafunzi walikuwa wagonjwa na masomo hayakuwezekana. Lakini ukifuatwa mpangilio wa tarehe na mahali uliomo katika ripoti yenyewe, inaonekana kwamba mlipuko wa Nshamba ulitokea baada ya wasichana kurudishwa nyumbani, na ule wa Kanyangereka baada ya msichana kutoka Ramashenye. Hatua iliyokusudiwa kuzima moto ilibeba makaa hadi vijijini. Hapa haidaiwi kwamba kuendelea na masomo kungekuwa salama zaidi. Kinachodaiwa ni kwamba ufungaji wa shule ulikuwa sehemu ya tukio, na ulistahili kuandikwa kama tendo lenye sababu, mhusika na matokeo, badala ya kutajwa kama tarehe ya kikomo.

Jambo la tatu ni sauti za wasichana. Ripoti imehifadhi walichosema kuhusu vichwa vyao na hofu yao ya kukimbizwa, na hilo ni la thamani kubwa. Haikuhifadhi walichosema kuhusu shule: usingizi, chakula, adhabu, mitihani, au matarajio ya wazazi katika miezi ya mwanzo ya uhuru. Watafiti waliofuata walilazimika kulijaza pengo hilo kwa nadharia. Benjamin Kagwa, aliyeandika kuhusu milipuko ya aina hii katika Afrika Mashariki mwaka 1964, na G. J. Ebrahim, aliyeandika kuhusu watoto wa shule mwaka 1968, waliielekeza hoja kwenye mvutano kati ya malezi ya nyumbani na maisha mapya. Nadharia hizo zina mashiko, lakini zingekuwa na nguvu zaidi kama wasichana wangeulizwa wakati ule, wakajibu, na majibu yao yakaandikwa.

5. Gharama ya taarifa pungufu

Pengo katika taarifa halibaki wazi. Hujazwa na masimulizi. Miaka ilivyopita, tukio la Kashasha lilisimuliwa duniani kama kisa cha kuchekesha, kwamba msichana mmoja alitaniwa na kijiji kizima kikacheka kwa miezi mingi bila kupumzika. Mwaka 2007, mtaalamu wa isimu Christian Hempelmann aliyapitia masimulizi hayo na kuonesha kwamba hayapatani na ripoti ya awali: kicheko kilikuwa dalili mojawapo tu, pamoja na kilio, hofu na wahaka, nacho hakikuwa cha furaha. Wasichana walioteseka waligeuzwa kuwa kichekesho, na kwa kuwa maneno yao wenyewe hayakuwamo katika kumbukumbu, hapakuwa na kitu cha kuyapinga masimulizi hayo isipokuwa hesabu na tarehe.

Ulinganisho na tukio la karibuni katika mkoa huohuo unalifafanua jambo hili zaidi. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba, katika maeneo ya Maruku na Kanyangereko. Watu tisa waliugua na sita wakafariki. Waliokutana na wagonjwa waliorodheshwa na kufuatiliwa kwa siku 21, na mlipuko ukatangazwa kumalizika tarehe 2 Juni, baada ya kupita siku 42 bila mgonjwa mpya. Katika utaratibu huo, mwitikio ni sehemu ya taarifa: nani alifuatiliwa, kwa siku ngapi, lini kazi ilifungwa rasmi. Mlipuko wa 1962 hauna mwisho wa namna hiyo katika ripoti ya Rankin na Philip. Ripoti inaishia wakati watoto bado wanaugua, na haiwezi kumweleza msomaji nani alirudi shuleni na nani hakurudi tena.

Bila shaka, Marburg ni ugonjwa unaoua kwa haraka, na haingetarajiwa kwamba kicheko kipewe vikosi vya dharura. Lakini nidhamu ya kuandika hatua zilizochukuliwa na matokeo yake haihitaji maabara wala fedha nyingi. Inahitaji daftari, saa, na mtu aliyepewa wajibu huo na kuhakikishiwa kwamba hataadhibiwa kwa kuandika ukweli. Sharti hilo la mwisho ni la msingi. Mwalimu, muuguzi au mhudumu aliyemshika mgonjwa kwa nguvu ataandika fujo ya mgonjwa kwa urahisi. Ataandika tendo lake mwenyewe pale tu anapoamini kwamba taarifa inatafuta mafunzo, haitafuti wa kulaumiwa.

6. Hitimisho

Ripoti ya mwaka 1963 inastahili heshima. Madaktari wake walihesabu kwa uangalifu, walichunguza mwili kabla ya kutaja akili, na waliandika majina ya mahali na tarehe kwa usahihi unaowezesha mtafiti wa leo kuifuata njia ya mlipuko kutoka Kashasha hadi Nshamba, Ramashenye na Kanyangereka. Usahihi huohuo ndio unaofichua kilichokosekana.

Kutokana na uchambuzi huu, taarifa ya tukio kubwa la afya ya akili, iwe inatoka katika zahanati, shule ya bweni au hospitali ya rufaa, inapaswa kujibu maswali matano: mgonjwa alifanya nini na alisema nini, ni wangapi walioathirika kati ya wangapi waliokuwapo, ni sababu zipi za kimwili zilizochunguzwa, waliokuwapo walimfanyia nini, kwa mpangilio wa saa, na nini kilifuata baada ya kila hatua. Matatu ya kwanza yalijibiwa vizuri katika Bukoba ya mwaka 1962. Mawili ya mwisho ndiyo ambayo taarifa nyingi huyaruka, na ndiyo yanayoweza kumlinda mgonjwa anayefuata.