Redio Iliyowashwa kwa Shavu

Leo nakupeleka Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kwenye nyumba moja ambayo uani kulianikwa usipa. Ndani alilala binti wa miaka tisa. Hasemi, mikono haimtii, miguu kadhalika. Jirani mmoja akanieleza, tena mbele yake, kwamba huyu hajui kitu. Bibi yake akamkatiza: "Mwanangu, usimsikilize. Redio ikilia anageuza shavu."

Shavu linatosha. Pale Stoke Mandeville, Uingereza, Reg Maling aliona wagonjwa waliopooza mwili wamebakiwa na filimbi tu ya kumwitia muuguzi. Mwaka 1960 yeye na wenzake wakatoa mashine iitwayo POSSUM: mgonjwa alipuliza au kunyonya mrija, taa ikawaka. Stephen Hawking, mwanafizikia aliyefariki mwaka 2018, aliandika miaka yake ya mwisho kwa msuli wa shavu. Kompyuta ilipitia herufi, naye akaisimamisha kwenye ile aitakayo.

Mashine ya Hawking hatuiwezi, lakini swichi yenyewe fundi redio yeyote anaiweza. Vipande viwili vya boksi vinabandikwa karatasi ya aluminiamu kwa ndani, katikati sponji ya godoro iliyotobolewa tundu. Kila karatasi ina waya wake. Ukibonyeza, zinagusana tunduni. Ukiachia, sponji inazitenganisha. Nyaya zinaishia kwenye kijikadi chenye bati pande zote mbili, pasipo bati moja kugusa jingine, nacho kinachomekwa redioni kati ya betri na chuma chake. Redio iwe ile ya zamani ya kuzungusha, na iachwe imewashwa. Itanyamaza hadi shavu liegemee. Hii ni kwa betri kavu tu. Umeme wa ukutani, hapana kabisa!

Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaodai vifaa saidizi vipatikane. Bibi yule hakuwahi kuambiwa kwamba vipo.

Tuliiweka swichi kando ya mto. Mara ya kwanza redio ililia kwa bahati, binti akashtuka, ikazimika. Akatulia. Kisha akageuza shavu taratibu, akalibakiza pale wimbo mzima. Yalipoingia matangazo ya biashara akaliondoa. Muziki uliporejea hakuujua, maana redio ilikuwa kimya, basi akajaribu tena mwenyewe.

Jirani aliuliza boksi lile linapatikana wapi.