Kondoo Mwekundu wa Wamasai

Katika miji yetu kandokando ya Ziwa, tangu Mwanza hata Magu, kondoo huchungwa pamoja na ng'ombe na mbuzi, wala hatufikiri sana habari zake. Lakini mtu akiona kondoo dume wa kigeni, mnene, mwenye mapaja mapana, mara hutamani ampandie majike yake. Kabla hamjafanya hivyo, twaona vema kuwaeleza habari za kondoo wa jirani zetu Wamasai.

Kondoo huyo ni mwekundu, ana manyoya mafupi wala si sufu, na mkia wake umejaa mafuta. Kwa ukubwa si kitu. Sifa yake ni kuvumilia minyoo. Wakati wa mvua mayai ya minyoo hutoka katika mavi na kuanguliwa, na minyoo michanga hupanda majani yenye maji. Kondoo huila pamoja na majani, nayo humnyonya damu tumboni. Ndani ya kope huwa peupe, chini ya taya huvimba, kisha hufa. Kondoo mwekundu naye huimeza, lakini mwili wake huizuia mingi isikue.

Huko Kenya, tangu miaka ya 1970, wafugaji wengi walichanganya kondoo wao na Dorper, aina iliyofanyizwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1930. Chotara walikuwa wakubwa, watu wakafurahi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walizilinganisha aina hizo mbili pwani ya Kenya, penye unyevu mwingi. Wana wa Dorper walikufa wengi zaidi, na wekundu wakawashinda kwa mazao. Lakini siku hizi wekundu wasiochanganywa wamekuwa adimu, na kuwapata ni kazi.

Hatusemi kila mgeni ni mbaya. Katika nchi kavu Dorper hustawi. Bali majani ya pwani ya Ziwa letu yana maji mengi. Basi, mwenye kundi asiuze madume yake yote ya asili kwa tamaa ya nyama. Yakobo alimjua kila mnyama kwa rangi yake. Nanyi walimu, wafundisheni watoto kufunua kope la kondoo na kutazama: likiwa jekundu, ni mzima, likiwa jeupe, tafuteni dawa upesi.