Wanasayansi, Karibuni Mwaloni

Ninaanika na kuuza dagaa hapa Katonga, Kigoma, na swali langu kwa wataalamu ni moja: dagaa wetu wanakwenda wapi?

Majibu yapo, ila yameandikwa mbali na chanja zetu. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walieleza katika jarida la Nature kwamba Ziwa Tanganyika linazidi kupata joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi. Rutuba inabaki huko chini. Kusi inapovuma ndipo hupanda juu, mwani ukaota, vijidudu wakala, dagaa wakanenepa. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, wakichunguza tope la chini ya ziwa, walionyesha kwamba samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Hilo ni jambo zito kwetu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Chanja zangu zilibaki tupu, ada za watoto zikasubiri. Mapumziko nayaunga mkono, maana nyavu za macho madogo zimetuumiza kweli. Lakini kama joto nalo limo, mvuvi ana haki ya kuelezwa ana kwa ana, kwa Kiswahili, mitumbwi inaporudi alfajiri. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa hapa Kigoma. Njooni mwaloni mtueleze, nasi tuwaeleze tunayoyaona.