Punje nyeusi ya Ethiopia katika soko la ndege wa baridi

Januari, theluji inapofunika nyua za kaskazini mwa Marekani, kuna mfuko ambao familia nyingi haziachi kuununua: chakula cha ndege. Si cha kuku wala cha kasuku wa tunduni. Ni cha ndege wa mwituni, wanaokuja wakala wakaenda zao, wasiotaga yai la kuuzwa wala kuchinjwa. Wamarekani zaidi ya milioni 50 hulisha ndege hao, na makadirio ya serikali yao yamewahi kuweka matumizi ya chakula hicho kwenye takriban dola bilioni 4 kwa mwaka.

Bidhaa kuu ni alizeti nyeusi, ile ile tunayoikamua Singida, ila hii hulimwa zaidi Dakota Kaskazini na Dakota Kusini. Ganda lake ni jembamba na kiini kimejaa mafuta. Mtazame chickadee, ndege wa gramu 11 hivi: huchukua punje moja tu, huruka nayo hadi tawini, huibana kwa vidole, huigonga kwa mdomo mpaka ipasuke, humeza kiini na kurudi kuchukua nyingine. Mafuta hayo ndiyo yanayomvusha usiku wa baridi kali. Huko Wisconsin watafiti waliona kwamba asilimia 69 ya chickadee waliopata alizeti ya watu walimaliza majira ya baridi wakiwa hai, dhidi ya asilimia 37 ya wasioipata.

Mifuko ya bei nafuu huongezwa uzito kwa mtama mwekundu. Kwetu mtama ni ugali na uji, lakini ndege wengi wa mashariki mwa Marekani huutupa chini wakitafuta alizeti. Mnunuzi huona amepata nafuu, kumbe nusu ya pesa yake inaozea kwenye theluji.

Punje iliyonivuta kuandika makala haya ni nug, zao la mafuta la nyanda za juu za Ethiopia. Ni nyeusi, inang'aa, ndogo kuliko punje ya mchele. Wakulima wa Gojjam na Wollega hukamua mafuta yake ya kupikia. Ng'ambo hupendwa na goldfinch, ndege wa ukoo wa chiriku, na huuzwa pamoja na vilishio vyenye matundu membamba yanayopitisha punje moja moja. Wafanyabiashara wa Marekani waliisajili kwa jina la Nyjer mwaka 1998, nao huinunua Ethiopia, India na kwingineko.

Haiingii Marekani ikiwa mbichi. Sheria inataka ipashwe joto la nyuzi 120 za Selsiasi kwa dakika 15, ili mbegu za magugu zilizojificha ndani yake, hasa yale yanayonyonya mazao mengine, zisiote. Kazi hiyo inaruhusiwa kufanyika huko huko inakotoka, katika kiwanda kilichoidhinishwa. Kwa maoni yangu, dakika 15 hizo ndizo msafirishaji wa Afrika anazopaswa kuzishika kwa mikono miwili, maana anayepasha joto ndiye anayepanga daraja la mzigo na kuzungumza bei.

Biashara hii inasimama juu ya usafi. Mwaka 2012 kampuni ya Scotts Miracle-Gro ilipigwa faini ya dola milioni 4 na mahakama ya shirikisho, baada ya kukiri makosa yaliyojumuisha kutia kwenye chakula cha ndege dawa za wadudu zisizoruhusiwa humo, moja ikiwa sumu kwa ndege wenyewe. Walikuwa wameonywa na wafanyakazi wao. Mtu amenunua chakula kwa huruma, akapewa sumu aiweke uani kwake mwenyewe: sioni udhuru. Kisha katika baridi ya 2020 na 2021 salmonela iliua ndege wengi, na mamlaka za majimbo ya magharibi ziliwaomba watu washushe vilishio au wavisafishe. Chombo kichafu huharibu soko upesi kuliko bei kupanda.

Nug nayo huchacha. Safari ya meli ni ndefu, na ghala lenye joto huifupishia maisha. Mnunuzi mzoefu huiweka punje juu ya karatasi nyeupe na kuibana kwa ukucha. Ikiacha doa la mafuta, analipa. Ikiacha vumbi, anajua chiriku hawataigusa, na mzigo unabaki kwa aliyeuleta.