Buti la ngozi ya mafuta: kagua kabla ya kulipa

Umeona buti la kahawia kwenye mitumba hapa Bujumbura, lina mikunjo na mabaka, ukadhani limekwisha. Usiliache haraka, hasa kama unatafuta kiatu cha kazi ya ujenzi.

Ngozi ya aina hii hushibishwa mafuta na nta kiwandani. Ikikunjwa, mafuta husogea na rangi hupauka pale pale. Basi ikunje kidogo, kisha isugue kwa kidole gumba. Rangi ikirudi, ngozi bado ni nzima; mabaka hayo ni uzee wake tu, na wapo wanaoupenda kuliko upya. Lakini ukiona nyufa za ndani, au ganda linabanduka kama rangi ya ukuta, shika pesa yako, hata muuzaji aape.

Likilowa mvua, futa tope, jaza magazeti ndani, lianike kivulini. Usiliweke karibu na jiko la makaa: ngozi mbichi ikipata moto husinyaa na kukakamaa, halafu hupasuka. Likishakauka, lipake nta ya viatu kidogo. Mawese yabaki jikoni, yakichacha hunuka. Soli ikiachia, fundi atashona. Ngozi iliyopasuka haimrudii hata fundi hodari.